Shuka la Maua Nguzoni

Mtaani walimwita Dada Waya. Kampuni kubwa yenye nguzo zote ilikuwa imemnyima mahali pa kupitishia nyaya zake, basi akazipitisha juu ya mapaa ya majirani, akawauzia intaneti ya bei nafuu. Ili asizichanganye, kila waya aliufunga kipande cha nguo kuukuu ya nyumba yenyewe. Wa fundi cherehani ulikuwa na kitenge. Wa mama yake mzazi, shuka la maua.

Kisha mamlaka ya mawasiliano ikaamua kwamba nguzo zitumiwe na wote. Dada Waya akahamishia nyaya zake nguzoni, akitabasamu peke yake juu ya ngazi. Kaka yake, fundi wa kampuni hiyohiyo, akapita chini akimtania kwamba sasa ni washindani, hajui kama atapata tena chai kwa dada yake.

Wiki haikuisha. Asubuhi Dada Waya alifungua mlango, ndoo mkononi, akaganda. Nyaya zilitapakaa barabarani kama nywele chini ya kiti cha kinyozi. Fundi cherehani alikuwa ameinama anaokota kitenge chake kwenye tope. Watu wakasema ni wezi wa vyuma. Hata yeye aliamini, mpaka alipoinua macho.

Waya mmoja ulikuwa bado juu. Wenye shuka la maua.

Akakalia ndoo. Mwizi atalijuaje shuka la mtu? Lile walijifunika watoto wawili tu, yeye na kaka yake.

Alimkuta kwa mama yao, chai imepoa mbele yake. Hakukana. Alisema bosi alimpa kuchagua, nyaya au kazi, naye ana watoto.

"Na wangu mbona umeuacha?" mama akauliza polepole.

"Ningekukatiaje wewe, mama?"

Mama akamtazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Akamsogezea simu yake, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa na intaneti mtaa mzima.

"Waandikie mamlaka. Na aliyekutuma umtaje."

Akaandika, akatuma. Alipotoka nje alimkuta dada yake ameegemeza ngazi kwenye nguzo. Macho yalikuwa mekundu, na hakumtazama.

"Panda," akasema. "Mimi nashikilia."