Kiboko Kabla ya Kuwa Fimbo

Nilikuwa sokoni Konde niliposikia kwamba mwalimu wetu wa zamani, mama wa Kikristo aliyetoka bara, ametutoka. "Yule aliyekuwa akiogopa kiboko," alinikumbusha mwenzangu tuliyesoma naye, na hakucheka. Nami sikucheka.

Alikuja shuleni kwetu Wawi tukiwa wadogo. Siku zake za mwanzo, mwalimu mkuu alisimama mlangoni akauliza, "Nani hajafagia uwanja? Nileteeni kiboko." Kwetu sisi kiboko kilikuwa fimbo ya mpera, basi. Mwalimu mgeni aliishika meza kwa mikono miwili. Mkuu alipoanzia darasa la jirani, alitueleza kwa sauti ya chini kwamba kwao, kando ya Rufiji, kiboko ni mnyama wa mtoni, mzito kuliko ng'ombe. Mmoja aliupindua mtumbwi wa baba yake, yeye mwalimu akiwa mtoto, ukingoni anaangalia. Baba hakuibuka. "Ngozi ya mnyama huyo ndiyo watu waliyoikata wakaifanya mjeledi," alisema, "na mjeledi ukachukua jina lake. Sasa hata kijiti cha mpera kimelirithi." Nyuma ya ukuta tulisikia fimbo ikitua, na watoto wakilia. Msichana wa dawati la mbele akamwambia, "Na sie twamuogopa, mwalimu. Yuwaja."

Mkuu aliingia, akamnyooshea mwalimu wetu fimbo. "Wachape wewe, wakuzoee."

"Siwezi, mwalimu mkuu."

"Huwezi au hutaki?"

"Naogopa."

Alilisema mbele yetu sote, na hakuondoka baina ya mkuu na madawati. Siku ile hatukuchapwa. Muhula ulipokwisha alihamishiwa Chokocho, hatukumwona tena.

Siku hizi kijana akifanya vyema tunamsifu, "Huyu kiboko." Nikilisikia, mabega yananipanda. Mnyama aliyeua, mjeledi uliochana migongo, leo ni sifa. Hivyo ndivyo tunavyoizoea hofu. Wazee wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini binti yangu, ambaye sijapata kumpiga, hujikunyata nikiinua mkono kufungua kabati, na hataki kusema shuleni kuna nini. Kesho nakwenda kuwauliza walimu wake, na naogopa. Kwa marehemu nilijifunza kwamba woga hausubiriwi uishe. Mtu husema huku ungali kifuani.