Samaki ya Professeur

Alhamisi nilienda uwanja wa ndege wa Simi-Simi kusindikiza dada yangu, nikasimama karibu na meza ya douane, pale wanakagua mizigo. Mbele yetu kulikuwa kijana wa wavuvi wa maporomoko, anayesomea mambo ya samaki katika université moja ya zamani sana kule Ulaya, Allemagne. Alikumbatia chupa kubwa ya kioo kama mutoto muchanga, mama yake kando yake.

“Citoyen, ndani iko nini?” douanier akauliza.

“Samaki ya utafiti. Papa yangu aliitafuta miezi mbili. Professeur anaingojea, bila hii, doctorat yangu imekufa.”

Douanier akafungua. Harufu ya mawese na pilipili ikajaa chumba kizima.

“Mama!” kijana akalia. “Nilikuambia uitie katika alcool isioze!”

“Alcool nilioshea kidonda cha papa yako,” mama akajibu, mikono kiunoni. “Utamupelekea mukubwa wako samaki mubichi? Atasema hauna mama?”

Kijana akaketi juu ya valise yake, macho yamejaa machozi. Douanier naye akachovya kidole katika muchuzi, eti ni ukaguzi. Akakagua tena mara mbili, kisha akapiga muhuri.

“Usilie,” mama akasema. “Sikukata kitu. Kichwa iko, mifupa yote iko.”

Kijana akapangusa kioo, akachungulia sana. “Mifupa... pengine itatosha.”

“Donc mukule nyama kwanza, kisha musome mifupa.”

Mimi darasa la tano lilinishinda, lakini programme ya namna hiyo ningeimaliza.