Mbio za Jonasi Mbonile

Jonasi Mbonile alikuwa na kila kitu cha mwanamichezo isipokuwa pumzi. Ni wakala wa forodha hapa Tunduma, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa kupanda gari kwenda kula ng'ambo ya barabara. Tumbo lilimtangulia kila alikokwenda, naye aliliita heshima.

Alipopata kizunguzungu kanisani, mkewe Tabita alimpeleka kwa daktari mjini Vwawa. Presha ilikuwa juu. Yule mama daktari alimweleza kama anavyoelezwa mtoto: ameze dawa, na aanze kutembea, haraka kidogo ila aweze kuongea njiani, aongeze taratibu; na kifua kikimbana, asimame na kurudi hospitali.

"Kutembea?" Jonasi akacheka. "Daktari, kutembea ni kwa akina mama wanaotoka mnadani. Nipe mazoezi ya kiume."

"Moyo uzoee kwanza, baba."

Wapi! Wanaume wa aina hii hulipia ushauri ili wapate kitu cha kudharau.

Jumamosi akatokeza barabarani na traksuti nyekundu, raba zilizombana kwa sababu alizichagua kwa rangi, na miwani ya jua wakati jua lenyewe halijatoka. Alikuwa ameshakula supu na chapati, eti anajaza mafuta. Hakunyoosha hata kidole. Alimpa Tabita simu ampige picha, kisha akachomoka kama mwizi wa kuku kuelekea Mpemba, kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia.

Dereva mmoja wa Kizambia, mswaki mdomoni, alimwona anavyohema.

"Panono panono, mudala!" akampigia kelele. Polepole, mzee.

Jonasi hapendi kuitwa mzee. Akaongeza mwendo. Kigimbi kikakaza kama jiwe, akaanguka kwenye vumbi kati ya malori mawili, akatapika supu yote huku akimwita marehemu mama yake. Dereva yuleyule alimwinua, akamwegemeza kwenye tairi, akampa maji. Mimi na Tabita, tuliokuwa tukimfuata nyuma, tulipofika tulimkuta analia. Tabita alimfuta uso kwa kanga. Mimi sikumhurumia.

Hospitali walisema moyo uko salama, mguu ndio umeumia. Akachechemea mtaani akiwaambia watu amegongwa na bodaboda.

Mguu ulipopona, Tabita alimwambia, "Kesho asubuhi natembea. Ukitaka, njoo. Ukiona aibu, lala."

Alikwenda. Lakini alimpitisha mkewe vichochoroni, kwenye migomba ya watu, ili mawakala wenzake wasimwone akitembea kama mtu wa kawaida. Kwenye kila mwinuko alisimama akilaumu vumbi, akilaumu umande, akimlaumu mke. Tabita alimtaka asimulie habari za ofisini. Maneno yakianza kukatika, alipunguza mwendo bila kusema kitu. Siku miguu ikiuma walipumzika. Mvua zilipokwisha, Jonasi alikuwa anapanda ule mlima wa nyuma ya mtaa wetu bila kusimama. Asubuhi moja niliwasikia wakirudi wanacheka, na katika miaka yote ya ujirani wetu nilikuwa sijawahi kusikia kicheko cha wawili hao kikitoka pamoja.

Presha ikashuka. Tumbo nalo likaanza kurudi nyuma. Wanaume wenzake wakamzunguka baa, kila mmoja na kitambi chake, wakimuuliza amefanyaje.

"Mizizi," Jonasi akawajibu bila haya. "Kuna mganga kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Unachemsha, unakunywa, basi."

Wakaamini. Kesho yake wakaja kwa Tabita kuuliza mganga huyo anakaa sehemu gani.

"Mimi simjui," Tabita akasema, akiendelea kuanua nguo. "Lakini Nakonde si mbali. Nendeni kwa miguu."