Mguu wa Kushoto wa Afande Odyek

Mtaa mzima wa Kisenyi unamjua Afande Odyek kwa honi yake. Jeshini aliacha bunduki akatoka na udereva, na tangu hapo kazi yake ni kuvuta magari yaliyokufa njiani. Siku brekdauni lake, lori lake la kuvutia, lilipokufa lenyewe, likavutwa na brekdauni la mtu mwingine, mafundi walicheka mpaka wakashikana mabega.

Sasa alisimama uani kwa Barnabé, Mkongo muuza malori, mbele ya mabrekdauni mawili ya dizeli. Moja la klachi na gia za mkono. Jingine otomatiki.

"Mwanajeshi haendeshi gari linalojiendesha," alisema, kifua mbele.

Mkewe Ayaa alikuwa ameketi juu ya tairi, anakula karanga. "Na goti je?"

"Goti gani?"

"Hilo la kushoto, unalolipaka dawa ya ng'ombe ukidhani nimelala."

Ayaa alikuwa ameshasema tangu nyumbani Kyebando: goti likishindwa, ataajiri dereva, na mzee atabaki kulinda kuku. Hao kuku ndio waliomkosesha Odyek raha.

Wakafunga pikapu mbovu nyuma ya lile la klachi, wote watatu wakapanda, wakaushika mlima wa Lubaga. Foleni ilisogea kidogo, ikasimama, ikasogea tena. Kanyaga klachi, achia, kanyaga. Kabla ya nusu ya mlima Odyek akaanza kuimba wimbo wa gwaride kwa sauti kubwa.

"Sauti nzuri, papa," alisema Barnabé.

"Sauti gani?" Ayaa akamjibu. "Huyu huimba akiumia."

Wakarudi, wakahamishia pikapu kwenye otomatiki. Mlima uleule. Odyek akaondoka vizuri, lori likachanganya mwendo, na mguu wa kushoto, kwa mazoea, ukaruka kutafuta klachi. Ukakuta breki. Lori likasimama kama limegonga ukuta. Karanga zikaruka, Barnabé akabusu kioo.

"Papa Odyek! Unataka kuniua?"

"Nilikuwa nabadilisha gia."

"Gia inajibadilisha yenyewe, papa!"

Mbele kidogo, akarudia. Dereva wa bodaboda akapaza sauti: "Afande, tufundishe na sisi hiyo ngoma!"

Ayaa aliinama, akamvua mumewe kiatu cha kushoto, akakipakata. "Mguu huu umestaafu. Ukitaka kazi, uje kwangu uombe kiatu."

Mguu peku ukajikunja chini ya kiti, ukatulia. Lori likapanda. Huko juu wakageuza, na Odyek akakunja uso. "Kushuka ndiko kwenyewe. Bila gia za mkono, nani atauzuia mzigo usitusukume?"

"Rudisha mkono wa gia kwenye moja," alisema Barnabé, amejishikilia kwa mikono yote miwili.

Akarudisha. Injini ikanguruma, ikauzuia mwendo, na pikapu ikafuata nyuma kwa adabu mpaka chini. Odyek hakuimba hata neno.

Uani akazima injini. "Nachukua hili. Lakini si kwa ajili ya goti."

"Ila?" aliuliza Ayaa.

"Honi yake." Akaibonyeza. Ikalia pii, kama kifaranga.

Ayaa alicheka mpaka akalegea kitini. "Basi kuku wako utawalinda hukohuko barabarani."

"Nipe kiatu changu, mama."

"Tukifika Kyebando."