Swali la Verna kwa Daktari wa Meno

Verna Tollefson alikuwa mpole kupita kiasi, na kazi yake ilitaka mtu jeuri kidogo. Alipokea simu katika ofisi moja ya jimbo la Dakota Kaskazini, akiwasaidia watu kujua kama fundi, muuguzi au daktari waliyempata ana leseni ya kweli. Mji wa ofisi hiyo uko mpakani, ukivuka daraja uko jimbo jingine, na wataalamu wengi wametoka kwingine. Kila siku aliwaambia wapigaji simu jambo lile lile: usitazame leseni ya hapa peke yake, tazama na ya kule alikotoka, maana habari za jimbo moja hazifiki jingine upesi.

"Na ukiona jambo, muulize mwenyewe," alimalizia. "Kuuliza si matusi, mama."

Lakini mganga hajigangi. Katika mji ule, kumuuliza mtu kwa nini alihama kwao ni utovu wa adabu. Mgeni hupewa kahawa, gari lake likasifiwa, basi. Daktari Corliss Vane alipohamia kutoka Nevada na kufungua kliniki ya meno, alikuja kwenye chakula cha jioni cha kanisa, akala samaki wao wa Kinorwe aliyelowekwa hadi akawa kama ute, kisha akaomba aongezewe. Yakaisha. Nani angemchunguza mtu aliyerudia samaki yule? Bernice, mke wa mchungaji, alikuwa wa kwanza kwenda kutibiwa. Sasa ilikuwa zamu ya Gudrun, dada mkubwa wa Verna, aliyepangiwa kupasuliwa taya Jumatatu.

Wiki hiyo mkulima mmoja alipiga simu kumuulizia Vane. Verna akamwelekeza kwenye kumbukumbu za Nevada, na yeye mwenyewe akazifungua kwenye kompyuta ya ofisi. Leseni ya Vane ya huko ilikuwa imefutwa. Alikuwa amewakata wagonjwa wawili mishipa ya fahamu ya taya. Leseni ya Dakota ilibaki safi kwa kuwa aliipata kabla kesi ya Nevada haijaamuliwa.

"Muulize mwenyewe, bwana," Verna akasema.

"Mimi?" Mkulima akacheka. "Mimi nitamkwepa tu. Muulize wewe."

Verna aliwaarifu wakubwa wake, nao wakasema bodi ya leseni italishughulikia ikikutana mwezi ujao. Jioni akaenda kwa dada yake.

"Ni mtu mwingine mwenye jina hilo," Gudrun akasema, akikanda unga wa viazi.

"Dada, picha ni yake."

"Basi walimwonea. Wewe na simu zako! Kutwa kuwafundisha watu wasiokujua kuuliza maswali. Umemuuliza yeye?"

"Bado."

"Ukishamuuliza, uje. La sivyo Jumatatu naenda."

Verna alikasirika, na hasa alijikasirikia. Alimjua dada yake: akishatoa neno, halirudi.

Jumapili ukumbi wa kanisa ulijaa. Daktari Vane alikaa meza moja na mchungaji na mkewe, akisimulia jambo, wote wakicheka. Verna alisimama mbele yake na sahani ambayo hakuigusa. Alitaka kuanza na hali ya hewa, kama kila mtu. Akaona akianza hivyo hatamaliza.

"Daktari, kwa nini Nevada walikufutia leseni?"

Watu wa meza ya jirani wakageuka. Mchungaji akatazama kahawa yake. Mtu nyuma akanong'ona, "Jamani, Verna!" Uso wa Verna uliwaka kwa haya, lakini hakuketi.

"Kulikuwa na kutoelewana," Vane akasema kwa upole, akitabasamu. "Ganzi ya kawaida tu baada ya upasuaji. Huwa inaisha."

"Kwa wale wawili iliisha?"

Vane alichukua kisu akapaka siagi mkate uliokwisha pakwa siagi.

Gudrun, kwenye meza ya jirani, alikuwa ameacha kula. Lakini si yeye aliyesema. Bernice, aliyeketi ubavuni mwa daktari, alipeleka vidole polepole kwenye mdomo wake wa chini, akaufinya, akaufinya tena kwa nguvu zaidi.

"Uliniambia ganzi hii itaisha kabla ya mavuno," akasema.

Nje theluji ilikuwa imeanza kufunika mashamba yaliyokwisha vunwa.