Mlango Uliopakwa Grisi

Juzi jirani yetu hapa kijijini Yakobi alikuwa anapaka grisi magurudumu ya mlango wa gereji, na harufu ile ikanirudisha utotoni. Siku moja baba alikuwa ameupaka wetu asubuhi, akaenda Makambako kwa gari. Mlango huo ulizoea kulia kama nguruwe anayechinjwa, na mimi niliamini sauti hiyo ndiyo inayomrudisha baba nyumbani.

Mchana ukungu ukashuka. Nikatega sikio jikoni nisikie mlango ukilia, kimya. Nikajua gari limepinduka, nikalia mpaka kamasi zikaingia kwenye uji.

"Unamlilia nani?" baba akauliza nyuma yangu.

"Wewe!"

Akanipeleka gereji, akaufungua mlango mbele yangu. Ukateleza kimya kabisa, nikaanza kulia upya.

"Sasa nitajuaje umerudi?"

Mpaka leo akifika anapiga honi. Majirani wanasema ana misifa.