Mashati Sita ya Babu

Babu yetu alishona mashati sita ya wajukuu sita, kitambaa kimoja. Ni moja tu lililomwingia mtu.

Mengine yote yalikuwa ya watoto. Na sisi ni watu wazima, wengine na vitambi vyao.

Ngoja niwape mkasa wenyewe, na mnisamehe ulimi. Ukoo wetu una watu wa ovyo, sijui nitausimuliaje kwa adabu.

Babu ni fundi cherehani. Zamani, likizo ndefu ya msimu wa joto ikifika, wajukuu wote tunamwagwa kwake. Siku ya kwanza, hata maji hamjanywa, mnapanga mstari mpimwe. Futi shingoni, penseli sikioni, daftari mezani. Siku ya tatu wote mko kwenye shati la aina moja, mnalichafua kwa pamoja.

Wazo la mashati ya safari hii lilitoka kwa shangazi. Huyu mama hampigii baba yake simu, lakini mtandaoni kila wiki analia: "Naikumbuka nyumba ya baba yangu!" Watu wanampa pole utadhani mzee amekufa.

Akataka turudie ile picha yetu ya utotoni, sote tumevaa sare. Akampigia Babu.

"Baba, washonee wajukuu kama zamani."

"Waje niwapime."

"Wana kazi, Baba. Wewe shona tu."

Siku ikafika, tukakutana kwa Babu. Binamu yetu tunayemwita Mheshimiwa, kwa jinsi anavyosubiri kufunguliwa hata mlango wa gari, alijaribu shati likakwama kichwani. Dada yake, muuza manukato, alitupia la kwake begani akapiga selfi. Mapacha wa mjomba walicheka mpaka wakakaa chini.

Lililoenea ni la Kiazi peke yake. Kiazi ni mjukuu mwenzetu, fundi friji, hana maneno, na mtandaoni hana hata picha moja. Lilimkaa vizuri mpaka mabegani.

"Mzee kabahatisha," nikasema.

Shangazi akatuvuta pembeni. "Mmeona? Kichwa kimeanza kumchanganya. Kesho atajishona vidole. Cherehani iondoke humu ndani leo hii."

Wa kwanza kukubali? Mimi. Tena kwa sauti ya daktari: "Ni umri, shangazi." Nikaenda kushika upande mmoja wa cherehani.

Babu hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya gurudumu lake, akanitazama.

"Kabla hujaibeba, nisomee hili."

Akanisukumia daftari.

Kila mjukuu alikuwa na ukurasa wake, vipimo na tarehe. Mheshimiwa alipimwa mara ya mwisho miaka kumi na saba iliyopita. Dada yake, kumi na mitano. Mapacha, kumi na sita. Kiazi, mwezi uliopita, na mwezi wa kabla yake, na wa kabla ya huo, mpaka ukurasa umejaa.

"Kazi hii nina miaka hamsini na miwili," Babu akasema. "Sikati kwa kukisia. Nimemshonea kila mtu kama alivyokuwa mara ya mwisho alipoingia chumba hiki."

Shangazi akaanza kutafuta kitu mkobani, na wala hakuna alichokuwa anakitafuta.

"Soma na wa kwako," Babu akaniambia.

Kifua, inchi ishirini na tano. Miaka kumi na tisa iliyopita.

Shati langu ndilo lililokuwa dogo kuliko yote. Nilikuwa nimelikunja nikalitia mfukoni, na mfuko haukutuna hata kidogo.

Na mimi ninaishi vituo vitatu vya basi kutoka pale.

Mnakikumbuka kile kisa changu cha likizo kwa Babu, mlichokisambaza humu mtandaoni mpaka kikanirudia mwenyewe? Niliandika kwamba hadi leo kila likizo narudi kwake. Mkaniita mjukuu wa kweli, nami nikavimba kichwa. Nilikuwa muongo. Katika watu wote wa ovyo niliowataja hapa, wa ovyo zaidi ni mimi.

Niliachia cherehani. Kiazi akaisogeza mahali pake.

Babu akavuta futi shingoni. "Nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Akaandika tarehe kwanza, halafu kifua, halafu mkono. Alipofika shingoni nilikuwa nalia mbele ya watu wazima wenzangu, na sikujali.

Picha ya shangazi haikupigwa.

Najua hapa ndipo huwa mnanimwagia mioyo. Leo sitaki hata mmoja. Kama kuna mzee unamkumbuka sana humu mtandaoni na bado yuko hai, nyanyuka, nenda akaone ulivyonenepa.